Rafu yangu inainama mbele: niviweke wapi vitu ninavyovithamini?

SWALI: Miezi michache iliyopita nilifunga rafu mbili za kisasa, zile zisizoonyesha mabano (vyuma vya kuzishikilia), kwenye ukuta wa sebuleni unaotazamana na dirisha. Kila moja ina urefu wa mita moja na kina cha sentimita 25. Nimepanga humo vitabu vya marehemu baba, vyombo vya udongo alivyofinyanga mama, makombe niliyookota ufukweni tangu utotoni, na picha za zamani za familia. Sasa rafu moja imeanza kuinama mbele na lipu imepasuka juu yake. Mmoja ameniambia niongeze skrubu ndefu, mwingine anasema ubao ni dhaifu, nitafute mbao ngumu. Naogopa siku moja nitasikia kishindo. Ningependa pia ukuta upendeze, usifanane na stoo. Nifanye nini?

JIBU: Kabla hujaendelea kusoma, nenda kashushe kila kitu kilicho kwenye rafu inayoinama. Mwombe mtu aishike kwa chini, wewe uanze na vyombo vya udongo, kisha vitabu. Sikutishi. Rafu ya namna hii haishuki kidogokidogo mpaka mwisho. Skrubu za juu husogea milimita moja moja kwa muda mrefu, halafu hufika mahali ambapo hazina tena cha kushika, zikachomoka zote kwa pamoja. Ufa kwenye lipu ni dalili kwamba safari hiyo imeshaanza. Ukitaka uhakika, pitisha karatasi nyuma ya rafu upande wa juu. Ikipita kwa urahisi mahali ambapo mwanzoni rafu ilibana ukuta, basi inang'oka.

Sasa tuzungumze kwa utulivu. Nimesoma swali lako nikaona hofu mbili zimefungwa pamoja. Moja ni ya kishindo. Ya pili hukuitaja, nayo ni ya vitu kuharibika taratibu huku vikiwa vimekaa salama juu ya rafu. Nitazijibu zote mbili, kwa sababu nimeona watu wengi wakishinda vita ya skrubu, kisha jua likawachukulia picha.

Nianze na ubao. Aliyekuambia utafute mbao ngumu amekosea chanzo. Ubao dhaifu hubonyea katikati, na rafu inayobonyea inapinda kama upinde huku ncha zake zikibaki mahali pake. Yako inainama mbele nzima nzima. Maana yake ubao uko sawa, kilicholegea ni mshiko wa ukutani. Tena ukiweka mbao ngumu, ambazo ni nzito zaidi, utakuwa umeongeza mzigo mahali palepale palipochoka.

Mshiko huo unafanya kazi hivi. Uzito wa vitabu unavuta chini, lakini hauvuti ukutani penyewe, unavuta mahali vitabu vilipo, mbele ya ukuta. Kwa hiyo rafu inataka kuzunguka: ukingo wake wa chini unasukuma ukuta, na upande wa juu unavutwa utoke. Ni kazi ileile inayofanywa na nyundo yenye kucha inapong'oa msumari. Chukua kilo 20 za vitabu, ambazo ni chache, maana mita moja ya vitabu vilivyobanana huwa na kilo 20 hadi 30. Vikikaa katikati ya rafu yenye kina cha sentimita 25, uzito wao uko sentimita 12.5 mbele ya ukuta. Kama rafu ingebebwa na mabano ambayo mguu wake wa ukutani una urefu wa sentimita 20, skrubu za juu zingevutwa kwa nguvu ya takriban kilo 12.5, yaani 20 mara 12.5 gawa kwa 20. Mzigo huohuo ukiuweka kwenye rafu isiyo na mabano, yenye unene wa sentimita 4, kigawanyo kinakuwa 4 badala ya 20, na nguvu ya kuchomoa inafika zaidi ya kilo 60. Ukivisogeza vitabu mpaka ukingo wa mbele ili migongo yao ionekane vizuri, nguvu hiyo inaongezeka zaidi.

Ukishaielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini rafu mbili zinazoonekana kufanana, zenye mzigo mmoja, moja inakaa miaka mingi na nyingine inang'oka ndani ya mwaka. Kinachoamua ni mambo mawili: kimo cha kile kinachogusa ukuta na kina cha rafu. Ndiyo maana mabano ya pembe hufungwa mguu mrefu ukiwa ukutani na mfupi ukiwa chini ya ubao. Wengi huyageuza kinyume kwa kudhani ubao ndio unaohitaji kubebwa zaidi.

Sitaki hata hivyo uzichukie rafu zisizoonyesha mabano. Ziko za aina mbili. Zipo zenye kipande chembamba cha chuma kinachofungwa ukutani kwa skrubu fupi, na nadhani hizo ndizo ulizonazo. Hizo ni za vitu vyepesi tu. Zipo nyingine zenye fimbo nene za chuma zinazoingia ndani ya ukuta sentimita kumi au zaidi, na hapo ukuta wenyewe ndio unaoishika fimbo. Kwenye zege au tofali lisilo na uwazi, hizo hubeba mzigo wa kweli. Kwenye ukuta wenye uwazi ndani, fimbo zile hazina cha kushika na hazikusaidii kitu.

Hapo ndipo ushauri wa skrubu ndefu unapohitaji kupimwa. Skrubu ndefu inasaidia iwapo tu huko mbele inakokwenda kuna kitu kigumu. Lipu peke yake haishiki. Huwa na unene wa sentimita moja hadi mbili, na plagi ya plastiki, yaani kile kijibomba kinachotiwa tunduni ili skrubu ishike, ikiishia ndani ya lipu itaibomoa tu. Plagi inatakiwa iwe yote ndani ya tofali, walau sentimita nne au tano, huku lipu ikihesabiwa kama njia ya kupita. Na ikiwa nyuma ya lipu kuna tofali lenye uwazi, skrubu ndefu itavuka ukuta wa tofali na kuning'inia hewani.

Utajuaje ukuta wako una nini? Toboa tundu moja dogo la majaribio mahali patakapofichwa na rafu, kisha usome vumbi linalotoka. Kwanza litatoka la lipu, jeupe au la kijivu hafifu. Likigeuka jekundu, umefika kwenye tofali la kuchoma. Likiwa la kijivu na drili inapenya kwa shida, hiyo ni zege au tofali imara la saruji. Drili ikitumbukia ghafla, umeingia kwenye uwazi. Na vumbi likiwa jeupe laini kwa sentimita moja na kidogo, kisha drili ikatumbukia, huo ni ukuta wa bodi ya jasi. Kwenye tofali laini au lenye uwazi zima ile hali ya kugonga ya drili, maana hupasua kuta nyembamba za ndani na kukuachia tundu pana kuliko plagi. Ukimaliza, safisha vumbi ndani ya tundu kwa brashi au kwa kifyonza vumbi. Watu hupuuza jambo hili, lakini plagi iliyokaa juu ya vumbi inateleza.

Kabla ya tundu lolote, tazama swichi na soketi ziko wapi. Nyaya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye vifaa hivyo, au hukimbia mlalo usawa wao. Usitoboe juu, chini wala ubavuni mwao katika mstari ulionyooka. Ukuta uliopakana na bafu au jiko huenda una mabomba, kwa hiyo nao una tahadhari yake.

Kwa ukuta imara, plagi nzuri na skrubu inayolingana nayo zinatosha. Kwa ukuta wenye uwazi zipo plagi zinazofunguka nyuma ya tofali au bodi, nazo hufanya kazi vizuri kwa mzigo wa wastani. Zile kilo zilizoandikwa kwenye pakiti zipokee kwa uangalifu: mara nyingi zimepimwa kwenye zege imara, nawe huna hakika kama ukuta wako unafanana na wa maabara. Kwa ukuta wa bodi ya jasi, tafuta nguzo za fremu nyuma yake. Mara nyingi hupangwa kila sentimita 40 au 60, na sumaku ndogo ikipitishwa polepole ukutani itanasa kwenye vichwa vya skrubu na kukuonyesha mstari wa nguzo. Vitu vizito vifungwe humo, si kwenye bodi.

Tundu lililokwisha kulegea usilijaze njiti wala karatasi kisha ukarudisha skrubu ileile. Litashika wiki mbili. Lizibe vizuri, usogee sentimita kumi hivi hadi mahali pazima.

Ningekuwa mimi, kwenye ukuta wako nisingerudisha rafu ileile. Ningefunga reli. Reli za wima za chuma, zenye matundu ya kupachikia mabano, hushikwa na skrubu nyingi kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo hesabu ile ya kigawanyo inakuwa upande wako: badala ya sentimita 4 una mita nzima. Rafu unazishusha na kuzipandisha bila kutoboa tena. Wabunifu wakubwa walipita njia hiyo zamani. Nisse Strinning wa Sweden alibuni mwaka 1949 rafu zinazopachikwa kwenye ngazi nyembamba za waya, na Dieter Rams wa Ujerumani akabuni mwaka 1960 mfumo wa reli za alumini ambao bado unatengenezwa hadi leo. Hakuna anayeziita hizo stoo.

Kama reli hazikupendezi, ipo njia ambayo maseremala tunaipenda sana. Chukua ubao mrefu, uchane kwa urefu kwa mkato wa nyuzi 45. Nusu moja unaifunga ukutani, ncha yake kali ikiwa juu na mteremko ukielekea ukutani. Nusu ya pili unaifunga mgongoni mwa kisanduku au rafu, imegeuzwa juu chini. Kisanduku kinaning'inia kwa kukaa kwenye mteremko ule, na kadiri kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyozidi kujibana ukutani. Ubao wa ukutani unaweza kuwa na urefu wa mita mbili na skrubu nane au kumi, kila moja mahali palipo imara, halafu visanduku unavisogeza kushoto na kulia upendavyo. Hapo ndipo ukuta unapoanza kupendeza, maana hulazimiki tena kuwa na mstari mmoja mrefu unaobeba kila kitu.

Na huko ndiko ninakotaka kukupeleka. Ulianza na rafu, kisha ukavitafutia vitu nafasi juu yake. Geuza mpango: anza na kitu, kipime uzito wake, jiulize kinaogopa nini, ndipo ukitafutie rafu yake. Vitu vyako vya aina nne havina haja moja.

Vitabu vya baba vinaogopa kubonyea na unyevunyevu. Viweke chini, usawa wa kiuno au chini yake, kwenye rafu yenye kina cha sentimita 20 hadi 25, mabano yakiwa karibukaribu. Ubao wa chipbodi wa milimita 18 usiuachie zaidi ya sentimita 60 kati ya mabano mawili ukiwa na vitabu. Mbao halisi za unene huo zinaweza kufika 80 hivi. Chipbodi na MDF (ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) zina tabia ya kuendelea kupinda polepole chini ya mzigo uleule, hivyo rafu iliyoonekana imenyooka siku ya kwanza si ushahidi. Kuongeza unene kunalipa kuliko unavyodhani: ukiuzidisha mara mbili, ukakamavu wa ubao unaongezeka mara nane. Ukirefusha nafasi kati ya mabano mara mbili kwa mzigo uleule, unabonyea mara nane. Bano moja la katikati kwa hiyo lina thamani kuliko kubadilisha aina ya mbao. Acha uwazi wa sentimita mbili au tatu nyuma ya vitabu ili hewa ipite, hasa ukuta ukiwa wa nje.

Vyombo vya mama vinaogopa kutembea. Mlango ukibamizwa kila siku, chombo chenye kitako laini husogea kidogo kidogo mpaka ukingoni bila mtu kukigusa. Vitengenezee visanduku, kila kimoja na kimo chake, vyombo viwili au kimoja tu ndani. Ukingo wa sentimita mbili mbele unatosha kuzuia. Makumbusho hutumia nta maalumu ya kushikizia, punje ndogo chini ya kitako, nayo hutoka bila kuharibu. Epuka kuweka mpira chini yake. Baadhi ya mipira huacha madoa yasiyotoka, na hutoa gesi zinazotia fedha weusi. Rafu zinazoning'inia kwa kamba zinapendeza machoni, lakini zinayumba, nami siwezi kukushauri uweke udongo juu yake.

Makombe yana adui asiyejulikana sana. Yameumbwa kwa chokaa, na chokaa huliwa na asidi. Mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi ile iliyomo ndani ya siki, na mwaloni ni miongoni mwa zinazotoa zaidi. Chipbodi na MDF nazo hutoa mivuke yao, hasa zikiwa mpya. Makombe yakifungiwa miezi na miaka ndani ya kabati la namna hiyo, huota unga mweupe juu na kupoteza mng'ao, na hayarudi. Kwa hiyo yaweke mahali pa wazi penye hewa, au kama unataka kioo mbele, kisanduku kiwe cha chuma chenye rangi iliyopikwa kwa joto, au cha akriliki. Yaoshe kwanza kwa maji safi yatoke chumvi, na yakauke kabisa. Kisanduku cha kina cha sentimita 6 au 7 chenye vijumba vidogo kitayafaa sana. Droo kuukuu iliyosimamishwa wima ukutani inaweza kuwa kisanduku kizuri, ila ikague kama ina vitundu vya bungua vyenye unga mpya chini yake, na nyuma yake iwe imegundishwa na kupigwa misumari, isiwe karatasi tu.

Picha ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko vyote, maana umesema ukuta unatazamana na dirisha. Madhara ya mwanga hujumlishana. Saa moja ya leo inaongezwa juu ya zile za mwaka jana, na rangi iliyopauka haina dawa ya kuirudisha. Makumbusho huweka vitu laini kama karatasi na nguo kwenye mwanga wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Jua kali la mchana nje lina luksi zinazokaribia 100,000. Kioo cha kawaida cha fremu kinakata sehemu tu ya miale ya urujuanimno, na hata kioo kinachoikata karibu yote hakizuii mwanga unaoonekana, ambao nao unapausha. Fanya hivi: piga nakala nzuri za picha, nakala ziwekwe ukutani, picha halisi zihifadhiwe gizani ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi. Najua nakala haina uzito uleule moyoni. Kama kuna moja au mbili ambazo lazima uzione zenyewe, zihamishie ukuta ule wenye dirisha, ambao jua haliugusi moja kwa moja, na uzibadilishe kila baada ya miezi kadhaa. Kwa picha, rafu nyembamba ya kina cha sentimita 8 hadi 10 yenye ukingo mbele ni bora kuliko misumari kumi: unaegemeza fremu, unazipishanisha, unabadilisha utakavyo. Na kwa kina hicho kidogo, hata zile rafu zako zisizo na mabano zikikatwa zitafaa.

Kuhusu uzuri, sina mengi. Weka kile unachokipenda kuliko vyote usawa wa macho, kitovu chake kikiwa sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, ambako ndiko majumba mengi ya maonyesho hutundika picha. Vizito viwe chini, vyepesi juu. Vina vya rafu vitofautiane. Acha nafasi tupu, walau theluthi ya ukuta. Stoo huonekana stoo kwa sababu kila kitu kimeonyeshwa kwa wakati mmoja. Ukitaka taa, tumia mkanda wa LED uliofungwa ukingo wa mbele kwa ndani, kifaa chake cha umeme kikae nje penye hewa, na uizime usipokuwapo.

Ukishafunga, jaribu kabla ya kurudisha vitu. Jaza maji chupa za lita moja na nusu, kila moja ina kilo moja na nusu, uzipange zifike mara mbili ya mzigo utakaoweka, zikae upande wa mbele. Chora mstari mwembamba wa penseli ukutani usawa wa mgongo wa rafu. Rudi baada ya siku nzima. Ikiwa rafu imeachana na mstari hata kwa milimita moja, fungua.

Yapo mambo ambayo hayafai kuamuliwa kwa maandishi, na ningependa uyaonyeshe kwa mtu aje ayaone. Ufa wako ukiendelea mbali na rafu, ukashuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au ukazidi milimita tano, hilo si jambo la rafu tena. Mwite mhandisi au fundi mwashi mwenye uzoefu. Vivyo hivyo lipu ikiwa na unyevu, ikimeguka unga ukiigusa, au ukiona njia za udongo za mchwa zikipanda. Nyumba ikiwa ya zamani na kuta zake ni za bodi usizozijua, usitoboe kabla hazijakaguliwa, maana baadhi ya bodi za zamani zina asbesto na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kama nyumba ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya tundu la kwanza. Na picha yoyote iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Ipeleke kwa mtaalamu wa uhifadhi jinsi ilivyo, na kioo chake.

Kwa kazi ya reli au ubao wa nyuzi 45, ukihisi mkono wako si mwepesi kwa drili na pima maji, tafuta seremala. Mweleze kilo za kila kundi la vitu, si urefu wa rafu peke yake, na umwombe atoboe tundu la majaribio mbele yako kabla hamjazungumza habari za mbao.